Jumla ya safu zote au jumla ya kila safu?

SWALI: Ninaandika maelekezo ya programu inayogawa mpangilio wa namba katika safu, inatafuta jumla, kisha inaweka majibu kwenye jedwali. Niliandika: "Tafuta jumla ya safu zote, kisha jumlisha matokeo katika jedwali." Mhariri amebadili "safu zote" kuwa "kila safu". Mimi naona ni yale yale. Je, kuna tofauti?

JIBU: Ipo, tena kubwa. Chukua namba 1 hadi 12, uzipange kwa mfuatano katika safu mlalo tatu zenye namba nne nne. Jumla ya safu zote ni 78, jibu moja basi. Jumla ya kila safu ni 10, 26 na 42. Kivumishi -ote hukusanya vitu vikawa fungu moja; kila huvichambua kimoja kimoja. Ndiyo maana kila hutangulia nomino ya umoja: kila kipande, kamwe si "kila vipande", kosa linaloudhi na ambalo limeenea mno.

Hapo juu nimesema "nne nne" kwa makusudi. Ningesema "safu tatu zenye namba nne", msomaji angeweza kudhani namba zenyewe ni nne tu. Kurudia ndiko kunakogawa, na huu ni utajiri wa Kiswahili ambao waandishi wa mambo ya kompyuta wanauacha bure. Programu ikishughulikia safu kwa jozi, andika "ichukue safu mbili mbili". Ukiandika "ichukue safu mbili", umeiambia ichukue mbili na kuishia hapo.

Taja pia kama safu ni mlalo au wima. Namba zilezile zikijumlishwa kwa safu wima hutoa 15, 18, 21 na 24. R, lugha ya kuandikia programu, hutofautisha pande hizo kwa tarakimu 1 na 2. Sisi tuna maneno, tuyatumie.

Kuna jambo mhariri hakuligusa, nalo ni zito zaidi: "jumlisha matokeo". Kujumlisha ni hesabu. Anayefuata maelekezo yako neno kwa neno atazijumlisha 10, 26 na 42, arudi kwenye 78, na jedwali lisiwe na kazi. Jumuisha lingekaribia, ila linafanana mno na jumlisha. Kusanya linatosha.

Basi andika: "Tafuta jumla ya kila safu mlalo, kisha kusanya matokeo katika jedwali, kila jumla mbele ya safu yake."