Mwanga unakufa njiani: niongeze nguvu ya leza?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mradi wangu wa shahada ya pili unahusu kupunguza kasi ya mwanga ndani ya mfereji wa metamateriali (mata iliyotengenezwa kwa vipande vidogo kuliko wimbi la mwanga) yenye madini ya fedha. Kwenye kompyuta kasi inashuka vizuri hadi 1/100 ya kawaida, ila mwanga unakufa kabla haujafika popote. Niongeze nguvu ya leza inayoingia?

JIBU: Marahaba. Usiongeze, utaunguza sampuli bure. Fedha hula mwanga kwa muda, si kwa umbali. Tuseme mwanga wako hudumu femtosekunde 10 (sehemu ndogo mno ya sekunde) kabla haujabaki theluthi hivi. Kwa kasi ya kawaida ungefika mikrometa 3. Kwa 1/100 unafika nanometa 30. Zidisha nguvu ya leza mara 10: umeongeza nanometa 69, basi. (Hapa huwa hakosekani wa kubisha. Piga hesabu mwenyewe.)

Dawa iwe mle mle mwanga unamoliwa. Weka rangi (dawa ya kutia rangi) ya jamii ya rodamini au semikondakta, kisha uiamshe kwa leza nyingine ili ikuze mwanga unaopita. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walifanikiwa kwa wavu wa tabaka mbili za fedha. Haukuwa mfereji kama wako, lakini angalia walipoiweka rangi: walitoa kitenganishi kilichokuwa kati ya tabaka hizo, wakajaza epoksi (gundi ngumu) yenye rangi, kwa sababu hapo ndipo mwanga ulipojikusanya. Ukiipaka juujuu utapata nafuu kidogo tu.

Na usiogope ule mwendo wa kinyonga. Unazidisha hasara (mwanga unaoliwa), kweli, lakini unazidisha na ukuzaji kwa kiasi kilekile, maana mwanga unakaa na rangi muda mrefu zaidi.

Kuhusu programu yako, ikikuonyesha kasi ya sifuri kamili, hakiki kama umeingiza hasara. Mwaka 2007 Tsakmakidis, Boardman na Hess walipendekeza mfereji unaosinyaa hadi kila rangi ya mwanga isimame mahali pake. Mwaka uliofuata Reza, Dignam na Hughes wakapinga, wakisema hasara halisi inazuia mwanga kusimama. Jibu hubadilika kulingana na unachokishika kuwa namba halisi (isiyo changamano), masafa (frikwensi) au namba ya wimbi, kwa hiyo jaribu vyote viwili.

Anza na ukuzaji ulio chini kidogo ya hasara, upandishe taratibu. Ukivuka, mfereji wako utaanza kutoa mwanga wenyewe kama leza, na pulsi (mpigo mfupi wa mwanga) uliyotaka kuihifadhi hutaiona tena.