Mfamasia akikuuliza maswali, usikimbilie duka la jirani

SWALI: Mwanangu ana miaka minne. Daktari alimwandikia amoksilini ya maji, mililita 5 kutwa mara tatu. Famasi ya kwanza mfamasia aliniuliza mtoto ana kilo ngapi na kama ana mzio wa dawa, kisha akaanza kumtafuta daktari kwa simu. Nilichoka kusubiri, nikaenda duka jingine, nikapewa papo hapo. Yule wa kwanza alishindwa kusoma mwandiko, au hakuwa na dawa akaona aibu kusema?
Mama wa Morogoro

JIBU: Mama, kabla ya dozi ya jioni shika ile chupa usome lebo. Amoksilini ya maji huuzwa sana kwa nguvu mbili: miligramu 125 katika kila mililita 5, na miligramu 250 katika mililita 5 hizohizo. Kwa ulivyokinukuu, cheti chako kinataja mililita tu. Mfamasia mwenzangu, yule wa kwanza, alikisoma vizuri kabisa, ila kuna namba daktari hakuiandika, ndiyo maana akauliza kilo na kushika simu. Wa pili, kama hakuuliza lolote, alibahatisha. Akikosea, mwanao anapata nusu ya dozi au maradufu yake. Rudi kwa yule wa kwanza, nenda na chupa pamoja na cheti. Usipunguze wala kuongeza mwenyewe.

Sasa niseme linaloniumiza. "Daktari keshaandika, wewe nipe tu." Kauli hii naisikia kila siku, na wanaoisema wanaamini kazi yangu ni kutambua mwandiko na kushusha boksi rafuni. Mimi naanza na mgonjwa: ni nani, umri gani, ni mjamzito, ananyonyesha, anameza nini kingine nyumbani? Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda akiongezewa metronidazo ya kuua vijidudu anaweza kuvuja damu, ingawa dawa zote mbili zimeandikwa sawasawa. Mwenye mzio wa penisilini atakataa amoksilini, kisha apokee Ampiclox bila wasiwasi, kumbe ampisilini na kloksasilini zilizomo ni za ukoo uleule.

Kuna mzee alinijia na cheti kilichokunjwa mara nne, wino umechujuka kwa jasho. Neno lilianza na "Met", halafu 500, kutwa mara mbili. Duka alikotoka walishamfungia metronidazo, ila hazikutosha, akaja kwangu kujaliza. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Baba, daktari alikuambia unaumwa nini?" Akasema, "Sukari." Dawa yake ilikuwa metformini. Angekwenda nyumbani na dawa ya kuua vijidudu, sukari ikizidi kupanda, na yeye akiapa kwamba anameza dawa kila siku.

Ndiyo maana sina subira na muuzaji anayejisifu kwamba kwake hakuna maswali. Wapo waliowekwa kaunta bila kusomea dawa hata siku moja. Dawa iliyoandikwa ikiwa imeisha, wanakupa nyingine "inayofanya kazi ileile" bila kumuuliza daktari. Wapo wanaouza nusu dozi ya antibayotiki kwa kuwa hela ya mteja imeishia hapo. Na wateja nao wanakuja na picha ya pakiti kwenye simu, "nipe kama hii", pakiti ya shangazi mwenye umri, uzito na ugonjwa mwingine kabisa! Tazama ukutani kama kibali cha Baraza la Famasi kipo, kisha ulizia mfamasia mwenyewe. Ukiambiwa ametoka, na cheti chako ni cha mtoto, mjamzito au mgonjwa wa moyo, msubiri. Na ukipewa vidonge ndani ya kifuko kisicho na jina la dawa, nguvu yake wala namna ya kuitumia, virudishe palepale kaunta waandike ukiwaona.