Majibu kwa Wasomaji: Chembe Zinazojipanga Zikimulikwa

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha kemia sekondari. Wanafunzi wangu wamesikia kwamba kuna chembe ndogo mno ambazo, zikimulikwa, hutembea zenyewe na kujipanga. Wanauliza: kama hakuna anayezishika, nani anazitawala? — Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali lenyewe hasa, kwa sababu mtafiti hashiki chembe hata moja; anachokitawala ni hali inayozifanya ziende.

Mfano ulio wazi ni wa Jérémie Palacci na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2013. Walitengeneza vitufe vya polima vyenye upana wa takriban mikromita 1.5, kila kimoja kikiwa na kipande cha hematiti kilichochomoza ubavuni, yaani ile oksidi ya chuma inayoupa udongo mwekundu rangi yake, wakavitia katika maji yenye haidrojeni peroksaidi, dawa ambayo ukiimimina kwenye kidonda hutoa povu. Gizani, vitufe hivyo hutikisika ovyo tu kwa kugongwa na molekuli za maji. Ukiwasha mwanga wa buluu, hematiti huanza kuivunja peroksaidi, kemikali zilizo upande mmoja wa kitufe zikawa tofauti na za upande wa pili, na tofauti hiyo hukisukuma kitufe mbele juu ya kioo na wakati huohuo kuwavuta jirani zake.

Kinachofuata ndicho ninachotamani kila mwanafunzi akione kwa hadubini. Vitufe viwili vitatu hukutana na kushikamana, kundi hukua likawa fuwele bapa ambayo ndani yake kila kitufe kimezungukwa na sita, lakini fuwele hiyo haitulii: husogea, hujizungusha, hukatika, kisha vipande vyake huungana na vingine. Taa ikizimwa, msukumo na mvuto hukoma pamoja, na vitufe hutawanyika taratibu. Kwa kuwa hematiti ina usumaku kidogo, mtafiti huweza pia kuvielekeza kwa sumaku dhaifu.

Watafiti waliziita fuwele hai, ila waeleze wanafunzi kwamba hayo ni mafananisho. Vitufe havizaliani wala havijitafutii chakula. Peroksaidi ikiisha majini, hata umulike usiku kucha, havitakwenda popote.