Slabu inayokataa kuchanganuliwa

Mhandisi mwenzangu, ujumbe wa programu yako ya kuchanganua miundo kwamba slabu yako (bamba la zege la sakafu) yenye unene wa milimita 150 ya ile nyumba ya ghorofa pale Milimani, Kisumu, si thabiti hautokani na udhaifu wa zege. Maegemeo yote uliyoyaweka kwenye nguzo yanazuia kushuka tu, kwa hiyo slabu nzima iko huru kuteleza kwa mlalo na kujizungusha kwenye mhimili wima.

Zuia mielekeo miwili ya mlalo, X na Y, kwenye nodi (pointi ya muundo ndani ya programu) moja ya kona, kisha uzuie Y pekee kwenye nodi nyingine iliyo mbali nayo kwa upande wa X. Tafadhali usizuie nodi zote ili kosa litoweke, kwani utakapoingiza joto au kusinyaa kwa zege utapata nguvu za uongo ndani ya slabu, na nondo utazipanga kwa kuzifuata hizo.

Kosa likibaki, fanya uchanganuzi wa mitetemo ikiwa programu yako inauruhusu. Umbo la mtetemo lenye marudio (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yanayokaribia sifuri litakuonyesha kipande kinachoelea, ambacho mara nyingi ni ukingo wa slabu uliopishana na boriti kwa milimita chache zisizoonekana kwenye skrini.