Wafuasi 20,000 na kilo tatu za dagaa

Rudisha hiyo pesa mfukoni kwanza. Umeandika kwamba unataka kuuza asali ya Sikonge mtandaoni ukiwa hapo Tabora, ukauliza uanze na Instagram au Facebook, kama unahitaji tovuti, na namna ya kufikisha mzigo Dar es Salaam. Kisha, kana kwamba ni jambo dogo, ukataja kijana aliyekuahidi wafuasi elfu kumi kwa laki mbili "ili ukurasa uonekane una watu". Hilo dogo ndilo lililonimaliza mimi.

Ninauza dagaa na mawese hapa Kigoma. Mwaka 2022 ukurasa wangu wa Instagram ulikuwa na wafuasi mia sita na kitu, wengi wao watu wa huku wanaoishi Dar es Salaam na Dodoma, ambao wakiona picha ya dagaa waliokauka vizuri huuliza bei hapohapo. Kwa wiki nilikuwa nafunga oda nane hadi kumi. Ndipo akaja mtaalamu mmoja, mwenye kompyuta mpakato na maneno mengi, akanieleza kwamba mteja haamini duka lisilo na watu. Nikamlipa laki nne. Baada ya siku tatu nilikuwa na wafuasi 20,000 na nikajiona tajiri. Mke wangu aliuliza swali moja tu, kwamba hao wote wanakula dagaa wa wapi, nami nikamwona hajui biashara. Bado ananikumbusha.

Kilichofuata sikukielewa mpaka nilipojisomea mwenyewe. Tangu mwaka 2016 Instagram iliacha kupanga machapisho kwa kufuata muda pekee. Mfumo wake hukadiria ni chapisho lipi mtu atalijali, kwa kuangalia kama watu wanalitazama, wanalipenda, wanaandika maoni au wanawatumia wenzao. Facebook nayo ilitangaza Januari 2018 kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki na yale yanayozusha mazungumzo, na kurasa za biashara zikasukumwa nyuma. Sasa chukua picha yangu ya dagaa uiweke mbele ya wafuasi hewa ambao hawana macho wala tumbo. Hakuna anayesimama, hakuna anayeuliza bei, mfumo unaona kwamba katika watu 20,000 hakuna aliyejali, na matokeo yake hata wale mia sita wa kweli hawaletewi tena picha zangu. Oda zikashuka hadi tatu, kisha mbili, na ikapita wiki nzima niliyouza kilo tatu tu, nazo zilinunuliwa na shemeji yangu kwa huruma.

Ningeishia hapo ningekuwa na nafuu. Yule mtaalamu akanishauri nilipie tangazo lielekezwe kwa watu wanaofanana na wafuasi nilionao, katika nchi walizotoka. Fikiria: wafuasi wangu walikuwa akaunti zenye majina ya herufi na tarakimu, nami nikalipa laki tatu nyingine ili nitafutiwe ndugu zao! Nilipompigia simu kulalamika, alinijibu kwamba dagaa wangu hawana mvuto kwenye picha. Sijui alitaka watabasamu. Tangu siku hiyo simu yake haipokelewi, na hao wafuasi nimekuwa nikiwafuta mmoja mmoja usiku, kazi ambayo simtakii hata yeye.

Usidhani utapona ukihamia upande wa Google, kwa maana kijana wako atakuuzia ugonjwa uleule kwa jina jingine. Google ilianza mwaka 1998 kwa wazo la kuhesabu viungo (zile link za kubofya) kutoka kurasa nyingine kama ishara kwamba ukurasa una thamani; watu wakaanza kuuziana viungo, na mwaka 2012 ikaleta mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yaliyoshusha tovuti zilizojaa viungo vya ujanja. Hesabu ya kununua hugundulika, na anayeadhibiwa ni mwenye duka.

Kilichonirudishia wateja hakikugharimu hata shilingi: nilisajili biashara yangu kwenye ramani ya Google, nikaweka picha, namba ya simu na saa za kazi, na kila mteja aliyeridhika nikamwomba aandike maoni yake. Anayeandika "dagaa wa Kigoma" kwenye kisanduku cha kutafutia tayari ana njaa, ilhali yule wa Instagram unamkuta akitazama harusi za wenzake. Hata hivyo kote nafuata sharti moja, kwamba silipii hesabu ya watu. Mtu mmoja anayeuliza bei namwandikia majibu marefu, na laki nne zangu siku hizi zinanunua dagaa mwaloni.

Kama kijana huyo umekwisha kumpa malipo ya awali, mwachie. Kama umempa na nywila, ibadilishe sasa hivi, kabla hajaanza kuwamwaga hao wafuasi hewa.