Barua ya mwananchi haiwekwi kwenye Mengineyo

Wanangu mliopangiwa kitengo cha vikao mwaka huu, karibuni. Nawaandikia kwa sababu ya jambo nililoliona wiki iliyopita mkiandaa kabrasha la baraza la madiwani. Mmoja wenu, kijana mwenye bidii, alikuwa ameshika barua ya wananchi: karatasi tatu za daftari la mistari, na nyuma yake majina na alama za dole gumba kwa wino wa zambarau. Akaitazama barua, akaitazama ajenda iliyokwisha kujaa, akasema, "Hii naiweka kwenye Mengineyo," yaani mwisho kabisa wa ajenda. Nikaichomoa mkononi mwake. Nilimwomba radhi jioni ileile kwa kumshtua. Lakini ile barua sikumrudishia.

Nimefanya kazi hii mkoani Tabora miaka 24, katika halmashauri zaidi ya moja. Kanuni za kudumu mnazijua, maana mliulizwa kwenye usaili mkajibu vizuri. Ninayotaka kuwaambia hayaulizwi kwenye usaili.

1. Mengineyo si mahali pa kuhifadhia kazi iliyokushinda.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Mwezi wa Novemba, embe zikiwa ndiyo kwanza zimeanza kuingia sokoni, alikuja mzee mmoja na baiskeli. Alitoka mbali, suruali imefungwa kamba kwenye vifundo, na begi la nailoni limebanwa kwenye keria. Akatoa barua. Kijiji chake kilikuwa kinaomba kivuko cha watembea kwa miguu, kwa sababu mto ulikuwa unatenganisha kitongoji kizima na shule, na masika watoto hawavuki. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa: muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji umeambatishwa, Kamati ya Maendeleo ya Kata imepitisha, mtendaji ameweka sahihi na muhuri. Wataalamu wengi hawaleti karatasi zilizokamilika namna ile.

Nikampokea vizuri. Nikamwambia, "Mzee, iache hapa, nitaishughulikia." Sikuipeleka masijala, zinakosajiliwa barua. Sikuigonga muhuri wa kupokelewa. Sikumpa nakala. Niliiweka kwenye droo ya meza yangu, juu ya kitabu cha posho, nikiwa na nia kabisa ya kuiandikia dokezo kesho yake.

Kesho yake tulikuwa na Kamati ya Fedha. Wiki iliyofuata walikuja wakaguzi. Januari, Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira ikakaa, nikaandika ajenda zake kwa mkono wangu mwenyewe, na kivuko hakikuwemo. Nilikikumbuka usiku wa kuamkia baraza, nilipofungua droo kutafuta kalamu.

Hapo ndipo kosa lenyewe lilipo, na ndilo nililoona likitaka kurudiwa wiki iliyopita. Kusahau ni kosa, lakini kunasemeka. Ningemwendea bosi wangu alfajiri nikamwambia nimesahau, Mkurugenzi angemwomba mwenyekiti wa kamati aitishe kikao cha dharura, na muda wa bajeti ulikuwa bado upo. Mimi niliogopa. Nikaichomeka ile barua kwenye Mengineyo ili ionekane haikusahaulika, ilikuwa njiani tu.

Saa tisa alasiri, waheshimiwa wamechoka, tukafika Mengineyo. Diwani wa kata ile akasimama akaisoma barua vizuri, kwa uchungu. Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Hili limejadiliwa na kamati gani?" Ukumbi ukanyamaza. Mkurugenzi akageuza shingo taratibu akanitazama. Mwenyekiti hakuwa mkali. Alisema tu kwamba jambo linaloomba fedha haliwezi kuamuliwa na baraza bila kupitia kamati yake, kwa hiyo lirudi kamatini. Alikuwa sahihi, na hata leo angekuwa sahihi.

Sasa pigeni hesabu. Kamati inakaa kila robo. Kikao kilichofuata kilikuwa Aprili. Bajeti ilikuwa imeshapitishwa na baraza maalumu la Februari, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kivuko kikaingia kwenye mpango wa mwaka uliofuata. Makosa ya droo moja yaligharimu masika nzima.

Machi tulikwenda ukaguzi wa miradi upande ule. Gari likasimama ukingoni, maji yamejaa, rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo walisimama watoto kama 12 wa shule ya msingi, viatu wameshika mkononi, sketi zimekunjwa. Wakubwa wawili walikuwa wanawavusha mmoja mmoja mgongoni. Mmoja wa wale wakubwa alikuwa yule mzee. Alipofika upande wetu akamshusha mtoto, akajifuta maji usoni, akanitambua. Akanisalimu, "Mwangaluka." Nikaitikia. Kisha akaniuliza bila hasira yoyote, "Mwanangu, ile karatasi ilifika?"

Nikamjibu, "Ilifika, Mzee." Akashukuru. Akarudi majini kumchukua mwingine.

Sijawahi kupata jibu lingine ambalo ningempa siku ile. Lakini tangu hapo hakuna karatasi ya mwananchi inayolala mezani kwangu. Inapokelewa, inagongwa muhuri, inapewa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, na aliyeileta anaondoka na nakala yenye tarehe. Ile tarehe ni haki yake. Ndiyo atakayoshika siku akirudi kuuliza.

Siku hizi mtaniambia barabara na madaraja ya vijijini yako TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na maji vijijini yako RUWASA, wakala wa maji vijijini. Ni kweli. Basi andikeni barua ya kuipeleka huko siku ileile, na meneja wao aalikwe kwenye kamati aje kujibu. Kumwambia mzee aliyetoka mbali kwa baiskeli kwamba "hiyo siyo ya kwetu" si kazi mliyoajiriwa kuifanya.

2. Yatokanayo, yaani utekelezaji wa maazimio ya kikao kilichopita, ndiyo moyo wa kikao.

Muhtasari uliopita unathibitishwa kwa dakika tatu, kisha mnakimbilia taarifa za robo. Hapana. Kila azimio liwe na safu tatu: nani atekeleze, lini, limefikia wapi. Na neno "linaendelea" msiliandike robo mbili mfululizo kwa jambo moja. Likiandikwa mara ya pili, mkuu wa idara asimame aeleze linaendelea wapi.

3. Hesabuni watu baada ya chai.

Akidi, idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, inahesabiwa asubuhi kila mtu akiwa amevaa vizuri. Saa nane wawili wamekwenda msibani, mmoja ana mgonjwa hospitali, na kikao bado kinapitisha maazimio. Karani asipohesabu, hakuna atakayehesabu. Mnong'onezeni mwenyekiti. Atakasirika, lakini azimio lililopitishwa bila akidi litawarudia siku ya mkaguzi, na siku hiyo hakuna atakayekumbuka nani alikuwa msibani.

4. Sheria ndogo zina njia mbili, msizichanganye.

Ya kijiji inaanzia Halmashauri ya Kijiji, inakwenda kwenye Mkutano Mkuu, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe, ndipo inapanda kwetu baraza liidhinishe. Ya halmashauri haiishii kwa baraza: wananchi watangaziwe, wapewe nafasi ya kupinga, Waziri aridhie, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo msiwaache waheshimiwa watoke ukumbini wakiwaambia watu kwamba sheria imeshaanza kutumika.

Na kabla hamjachapa kiwango chochote, fungueni sheria mama, ile ya Bunge. Mwaka 2017 Bunge lilishusha ushuru wa mazao, uliokuwa ukifika asilimia 5, hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Huu ni mkoa wa tumbaku. Mkulima anajua tofauti ya asilimia mbili ni kiasi gani kwenye mauzo yake kuliko mimi na wewe. Baada ya hapo niliwahi kupita kwenye kizuizi kimoja nikakuta bado imebandikwa karatasi ya viwango vya zamani, imebabuka kwa jua. Kijana wa ushuru hakuwa mwizi. Hakuna aliyempelekea mpya. Kumpelekea ni kazi ya mtu wa ofisi kama yetu.

5. Siku za notisi zihesabuni kurudi nyuma, kuanzia siku ya kikao.

Aprili 2012, jirani yetu Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, alikusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Ibara ya 53A ya Katiba inataka saini zisizopungua asilimia 20 ya wabunge wote, na taarifa imfikie Spika siku 14 kabla. Spika Anne Makinda akaishika ibara hiyo: siku zilizobaki za mkutano ule hazikufika 14. Hoja haikuletwa. Kama kalenda inaweza kuzuia jambo zito namna hiyo Dodoma, kabrasha lenu mnalorusha kwenye grupu la WhatsApp saa nne usiku mnadhani lina kinga gani?

6. Jueni tofauti ya taarifa, mwongozo na utaratibu.

Ni njia tatu za mjumbe kusimama katikati ya mjadala. Taarifa anapewa msemaji. Mwongozo anaombwa mwenyekiti. Kuhusu utaratibu, anayesimama ataje kanuni iliyovunjwa. Mwenyekiti akiyumba hapo atawageukia ninyi, kwa hiyo kanuni ziwe mezani zimewekewa alama.

Msione ni mambo madogo. Samuel Sitta, mtu wetu wa Urambo, alichaguliwa Machi 2014 kuongoza Bunge Maalumu la Katiba, na kabla yake wajumbe walikuwa wametumia wiki kadhaa kugombania kanuni tu, hasa kura iwe ya siri au ya wazi. Mitaani watu walilalamika kwamba muda unapotea. Mimi niliwaelewa wale wajumbe. Walijua kwamba ukishakubali namna ya kupiga kura, mengi yameshaamuliwa.

Ile barua ya wiki iliyopita ipo masijala, imegongwa muhuri, ina folio. Inaomba matundu ya vyoo vya shule. Haina muhtasari wa kata, na kamati inakaa baada ya siku 11. Nilipotoka ofisini jana nilimkuta mwenzenu yuleyule amesimama dirishani, mahali mtandao unaposhika, anamwelekeza mtendaji wa kata ni kiambatisho gani kinakosekana, na kwamba kikifika Ijumaa bado tutakuwa ndani ya muda.