Nahodha wa Shela auliza: nizime nini ili simu ifike jioni?

SWALI: Assalam alaikum fundi. Mimi ni nahodha wa boti ya wageni hapa Shela, Lamu. Simu naitoa kwenye chaji alfajiri ikiwa asilimia 100, lakini siku za safari ya Kiwayu, saa 8 mchana imeshazima. Wageni nawawashia hotspoti, spika nimeiunga kwa Bluetooth, ramani ya GPS iko wazi muda wote, na laini ni mbili: moja ya watu wa nyumbani, moja ya kupokea malipo ya M-Pesa. Kijana wa dukani aliniambia nizime Bluetooth na GPS. Nimezima na sioni nafuu. Nizime nini tena?

JIBU: Waalaikum salaam, nahodha. Hivyo viwili ulivyozima havikuwa na makosa. Viwashe tu.

Betri haimalizwi na wingi wa vitu ulivyowasha. Inamalizwa na kazi ambayo kila kimoja kinafanya, na mojawapo ya kazi nzito zaidi kwenye simu yako ni kuufikia mnara ulio mbali. Bluetooth inayopeleka muziki kwenye spika iliyo hapo hapo botini hurusha miliwati chache tu. Kiwango chake cha juu kabisa ni miliwati 100. Laini ya 4G inaweza kurusha hadi miliwati 200, na ikishuka kwenye 2G ya masafa ya megahezi 900, hufika hadi wati 2, yaani miliwati 2,000, kwa mikupuo mifupi mifupi. Tena laini hairushi kwa nguvu moja kutwa. Mnara ndio unaoiamuru simu ipaze au ishushe sauti. Ukiwa gatini Amu (mji wa Lamu), simu inanong'ona. Ukishaingia Mkanda, ule mlango wa maji kati ya Manda na bara, na kuendelea kaskazini, kila unapozidi kuachana na mnara, inalazimika kupiga kelele ili isikike. Mtandao ukipotea kabisa, ndiyo hasara zaidi: simu huanza kupekua masafa, yakiisha inarudia. Na wewe una laini mbili, kila moja na msako wake.

Sasa hotspoti, kwa maana hiyo ndiyo inayokuumiza hasa. Simu iliyounganishwa kwenye Wi-Fi ya hoteli husinzia kati ya ujumbe na ujumbe. Simu inayogawa hotspoti haipati usingizi huo. Inatangaza jina lake karibu mara 10 kila sekunde, hata wageni wote wakiwa wamejiachia kwenye mito wakitazama bahari. Mgeni mmoja akianza kutuma video, video hiyo inaingia kwa Wi-Fi na kutoka kwa laini yako, ile ile inayohangaika na mnara wa mbali. Mitambo miwili inafanya kazi kwa pamoja, simu inapata moto, na moto wenyewe unaichosha betri.

GPS usiihofu. Setilaiti zake ziko juu kilomita 20,200 hivi, na simu haizipelekei chochote, inasikiliza tu. Kinachokula chaji hapo ni kioo, kwa sababu umeacha ramani wazi na kupandisha mwangaza mpaka mwisho ili uone juani. Pakua ramani ya eneo zima ukiwa bado Shela, uitumie bila data, na kioo ukiwashe unapotaka kuangalia tu.

Safari ijayo fanya hivi. Waambie wageni mapema kwamba hotspoti itakuwepo mkiwa karibu na Amu, Shela na Manda, baada ya hapo itazimwa. Wataelewa, na wengi watafurahi. Mkiacha mnara nyuma, zima data, lakini laini ya malipo iache. Watu wengi huchanganya haya mawili: ujumbe wa M-Pesa hauhitaji bando, unakuja kwa mtandao wa kawaida wa simu. Laini ya nyumbani izime kwenye mipangilio ya kadi za simu, kisha uwaambie wakupigie kwenye hiyo nyingine. Pale ambapo 4G inashika na kuachia, chagua 3G au 2G kwa mkono, ili simu iache kupanda na kushuka.

Mahali usipopata mtandao hata kidogo, weka hali ya ndege, halafu washa Bluetooth peke yake. Muziki utaendelea, na kwenye simu nyingi za sasa GPS nayo itaendelea. Ila nakusihi hili: kabla ya kuiweka, mjulishe mtu wa nchi kavu unakokwenda na saa utakayorudi, kwa sababu hutapatikana. Ukihitaji kupiga 112, namba ya dharura, itoe kwanza hali ya ndege na uipe simu muda wa kushika mtandao. Kwa safari ndefu kama hiyo, redio ya VHF yenye chaneli 16, ile ya kuitia msaada baharini, ni lazima iwepo botini. Roho za watu usizitundike kwenye betri ya simu.

Kuhusu pawabanki, iliyoandikwa 10,000 mAh haitakujazia simu ya 5,000 mAh mara mbili. Umeme mwingine unapotea njiani unapobadilishwa volti; tarajia mara moja na nusu, au pungufu kidogo. Kama boti ina betri ya volti 12, chaja ya simu inayochomekwa kwenye umeme huo ni bora zaidi. Simu ichaji kivulini, si juu ya dashibodi inayochomwa na jua, na tundu la chaji likiwa limelowa maji ya chumvi usichomeke waya mpaka likauke.

Ukifanya yote haya na bado inazima saa 8, fungua mipangilio ya betri uone ni programu gani iliyokula zaidi. Usipoona ya kulaumiwa, basi betri yenyewe imechoka, jambo la kawaida kwa simu iliyochajiwa kila siku kwa miaka miwili au mitatu. Mpelekee fundi aipime, abadilishe betri tu, kabla hujatoa pesa za simu mpya.